Upande Aliokaa Mama Ntandu

Vijana wa kwaya, mlinifuata Jumapili iliyopita, mkanipa shikamoo zenu kwa pamoja kama mnaanza wimbo, kisha mmoja wenu akauliza: "Babu, tufanyeje tupate hamu ya kusoma Biblia? Kila mwaka tunaanza na Mwanzo. Tukifika Mambo ya Walawi tunafia hapo."

Mlicheka. Mimi makaburi ya waliofia Mambo ya Walawi nayajua yote. Nimepita katikati yake kwa miguu, gunia la vitabu mgongoni, kutoka Manyoni hadi Iramba. Nikawaambia nitawajibu kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo huwa napotea njia. Hata kwa maandishi nitapotea kidogo. Nivumilieni, nitarudi.

Kazi yangu enzi ya Mwingereza ilikuwa kuuza vitabu vya misheni, na penye watu wenye nia, kukaa nao miezi michache niwafundishe kusoma. Msidhani nilikuwa msomi. Shule niliiacha darasa la pili, wala sikufukuzwa. Asubuhi moja niliona watu wanapita na punda waliobeba chumvi, nikataka kujua chumvi inatoka wapi, nikawafuata. Nadhani mwalimu wangu bado ananisubiri. Baada ya chumvi nilichunga ng'ombe wa watu, nikaswaga ng'ombe mnadani, nikavuna asali ya watu waliokuwa na mizinga mingi kuliko miguu ya kuizungukia. Halafu nikawa kibarua wa reli pale Kintinku.

Hamu yangu ilizaliwa Kintinku, tena kwa ajili ya ugoro. Nilinunua ugoro sokoni, mama muuzaji akanifungia kwenye karatasi iliyochanwa kitabuni. Mchana, wenzangu wamelala kivulini baada ya kukaza mataruma ya reli, nikaikunjua nikaanza kuisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Ilikuwa habari ya mgonjwa asiyeweza kutembea. Rafiki zake wanne wamembeba, mlango umejaa watu, basi wakapanda juu ya nyumba wakaanza kulitoboa paa. Hapo karatasi ikaisha.

Nikawaamsha wenzangu. Sisi wote tumezaliwa kwenye tembe, paa la miti na udongo, tunajua maana ya mtu kukutobolea paa. Mgogo mmoja, mtu mzima, akakaa kitako akauliza, "Na mwenye nyumba alisema nini?"

"Sijui. Karatasi imeishia hapo."

"Nani alilitengeneza hilo paa?"

"Nimekwambia sijui!"

"Basi umeniamshia nini?"

Tulibishana mpaka nyapara akaja. Nami sikutulia tena. Nilirudi kwa yule mama, lakini kurasa nyingine alikwisha kufungia ugoro wa watu wengine. Miezi mitatu niliuliza kila aliyepita na kitabu, mpaka siku moja mwinjilisti mmoja akanifungulia mahali penyewe. Nikasoma mpaka mwisho nimesimama. Yule mgonjwa alikwenda zake na kitanda chake. Habari za paa hazimo. Mpaka leo nazitafuta.

Mwinjilisti yule aliponiona ninavyosoma kwa hasira, akanipeleka misheni wakanipa gunia. Nikaingia kazini nikijua jambo moja ambalo walionizidi elimu hawakulijua: mtu hapati njaa ya hadithi kwa kulishwa yote. Anaipata pale inapokatika.

Kazi ina makosa yake, nayo niliyafanya yote. Usiku wa kwanza kabisa niliweka gunia chini, kwenye sakafu ya udongo. Asubuhi mchwa walikuwa wamekwisha kusoma Waraka kwa Warumi wote. Tangu siku hiyo gunia langu lilining'inia kwenye boriti, na kamba niliipaka majivu.

Kosa la pili lilinifundisha zaidi. Karibu na Issuna nilimuuzia kitabu mzee mmoja aliyefurahi hata akanichinjia kuku. Nikaenda zangu nikijisifu. Niliporudi baada ya mavuno nikamwuliza amefika wapi. Akanichukua hadi kwenye kihenge cha mtama, kile kikapu kikubwa cha nafaka, kimefunikwa na kukandikwa vizuri kwa udongo na samadi. "Kimo humo," akasema, "chini kabisa. Mwaka huu hata fukusi mmoja wa kutoboa mtama hatujaona."

Nilitaka kukasirika. Lakini fikirini: kwetu kihengeni ndipo kitu cha thamani kinapokaa, na yule mzee alikiheshimu kitabu kuliko ninyi mnaokiweka juu ya kabati kikusanye vumbi. Ila alikipa kazi isiyo yake. Kitabu hakikuandikwa kilinde mtama. Nikaapa sitamwachia tena mtu kitabu kabla hajajua kukifungua.

Hiyo ndiyo sababu nilipofika kwa Mama Ntandu sikuuza kitu. Nilikaa.

Mama Ntandu alikuwa mjane, mkulima, hapo hapo Issuna. Alikuwa na wana wawili wakubwa, Ntandu na Sinda, na wana hao hawakuwa wanasalimiana. Baba yao alipofariki waligawana ng'ombe, na Ntandu, mkubwa, akamchukua ng'ombe na ndama wake ambao kila mtu alijua baba alimwahidi Sinda. Sinda alihamia ng'ambo ya bonde, na miaka miwili ikapita, moshi wa nyumba yake unaonekana kutoka kwa kaka yake, lakini hakuna anayekwenda kuomba moto. Mama yao alikuwa akipika ugali siku moja kwa huyu, siku nyingine kwa yule. Kila mara alimwambia Ntandu, "Wewe ndiye mwenye kosa, nenda wewe." Ntandu hakwenda.

Watu sita walitaka kujifunza. Vita vilikuwa vimeisha karibuni, karatasi adimu, na misheni ilinipa Biblia moja tu kwa kijiji kizima. Basi tulisoma kama tunavyokula. Jioni mapema, kazi za shamba zimekwisha na jua bado lipo, tuliweka kigoda katikati ya ua, kitabu juu yake, sisi tukakizunguka. Na kama ilivyo penye chakula, kila mtu alikuwa na mahali pake, haruki kwenda pa mwenzake. Mimi nilikaa upande mmoja na kijiti cha kuonyeshea. Mama Ntandu, kwa kuwa ndiye mwenye ua, alikaa mbele yangu kabisa, mgongo wake kwenye ukuta wa tembe. Wengine pembeni, kulia na kushoto.

Nikaweka sheria moja: mkono usiguse kitabu. Mikono yetu ilikuwa na samli na unga wa uwele, na kitabu kilikuwa kimoja. Karatasi nilikuwa nazifunua mimi peke yangu. Nilijiona mwalimu mwangalifu sana. Kumbukeni sheria hiyo, nitarudi kuila kama matapishi.

Nilianza na habari za Yusufu. Mambo ya Walawi sikuyagusa! Anza na watu, vijana, sheria zitakuja zikikukuta una marafiki mle ndani. Nilisoma mpaka ndugu zake wanamtupa shimoni, nikafunga kitabu.

"Kisha?" akauliza Mama Ntandu.

"Kisha kesho. Na kesho sisomi mbele mpaka ninyi wenyewe msome tulikotoka."

"Mwalimu, mtoto wa watu yuko shimoni!"

"Basi jifunzeni haraka mmtoe."

Walinitukana, lakini walirudi. Ndivyo tulivyokwenda: naongeza kipande, naacha pabaya, wao wanarudia mpaka waweze, ndipo naongeza kingine. Yusufu akauzwa. Akafungwa. Akawa mkubwa wa Misri. Ndugu zake wakaja kununua chakula wakati wa njaa, naye akawatambua wao wasimtambue. Mama Ntandu alisoma kwa sauti pana, kidole kikienda hewani juu ya mstari bila kugusa, akiwaacha wenzake nyuma kabisa.

Na alikuwa akiuliza. Hili lisikilizeni kwa makini, kwa sababu hamu haikai bila kuelewa. Watu wengi husoma Biblia kana kwamba waliomo ndani hawakuwa na njaa wala ng'ombe. Yeye aliwauliza kama majirani. "Huyu baba yao, kwa nini alimshonea mmoja nguo nzuri mbele ya wenzake? Hakujua nyumba yenye wake wawili ilivyo?" Au, "Ndugu kumi wakimwambia baba uongo, usiku wanalalaje?" Mengine niliyajibu, mengi sikuyaweza, tukayaacha yakae katikati yetu pamoja na kigoda. Swali uliloliacha wazi linakurudisha kitabuni.

Tulipofika mahali ambapo kikombe cha Yusufu kimepatikana kwenye gunia la mdogo wao, na kaka mmoja amesimama mbele ya mkubwa wa Misri akiomba afungwe yeye badala ya mdogo wake, nikafunga kitabu.

Safari hii Mama Ntandu hakunitukana. Akauliza polepole, "Huyu Yusufu atawafanya nini?"

Nikamhurumia. "Mama, nikuambie?"

"Usiniambie!" Akainua mkono kama mtu anayezuia ng'ombe. "Nitafika huko kwa miguu yangu mwenyewe."

Siku chache baadaye nilikwenda mjini Singida kuchukua chaki na mafuta ya taa. Masanduku yangu ya vitabu aliniwekea Mzee Hamadi, Mwislamu mwenye duka, baba yake alitoka pwani, mama yake Mnyaturu. Tulikuwa tunabishana juu ya dini miaka yote na hakuna siku aliyoninyima kahawa. Nilipomsimulia habari za yule mjane akaweka kikombe chini. "Yusufu hata sisi tunaye. Sikiliza, Bwana Vitabu, mwanamke huyo usimwambie mwisho. Ukimwambia umemwibia."

Nikakuta barua pale dukani. Mchungaji msimamizi, Mnyiramba mmoja mrefu asiyecheka hovyo, atakuja Issuna kupima wasomaji. Nami nimepangiwa kuhamia Iramba.

Alikuja kwa baiskeli, suruali imebanwa na vibanio, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kijiji kizima kilijaa uani. Ntandu alikaa mkono wa kulia, Sinda mkono wa kushoto, umati katikati yao. Mchungaji akasema wazi, ili kila mtu asikie:

"Biblia ni moja, na vijiji vinavyoitaka ni vingi. Akipatikana msomaji mmoja tu, itabaki hapa na yeye ataitunza. Asipopatikana, nitaondoka nayo jioni hii. Mtanisamehe."

Moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Nilimjua Mama Ntandu.

Mchungaji akamwita kwanza kijana aliyekuwa akikaa kushoto kwangu. Akampa kitabu mkononi. Kijana akakitazama, akainamisha kichwa begani, akainamisha zaidi, kama kuku anayemtazama mwewe angani. Akatoa neno moja, la pili likamshinda. Watu wakaanza kucheka. Wa pili akainamisha kichwa upande mwingine, naye akakwama.

Hapo, vijana, ndipo nilipoligundua kosa langu. Nilikiona chakula chetu chote kwa mara moja: kigoda, duara, kila mtu na mahali pake. Kitabu kilikuwa kikinitazama mimi. Miezi yote ile wa kulia walisoma mistari iliyosimama kama miti, wa kushoto vivyo hivyo. Na Mama Ntandu, aliyekaa mbele yangu, alijifunza kila herufi ikiwa kichwa chini miguu juu. Nami kwa sheria yangu ya samli sikumpa hata siku moja nafasi ya kukishika ili nijue.

Mchungaji akamwita. Akampa kitabu, kimesimama sawasawa kama kinavyompasa kila mtu mwenye akili. Mama Ntandu akakitazama muda mrefu. Nikaona midomo yake inatafuta, haipati. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe alikuwa anaimba tu!" Nilitaka kuinuka niseme kosa ni langu.

Yeye akakizungusha kitabu. Taratibu, kama mtu anayegeuza mtoto mgongoni. Kikawa juu chini.

Umati ukaangua kicheko. Hata mchungaji alitabasamu, nayo haikuwa desturi yake. "Mama, umekishika juu chini."

"Mchungaji," akasema, "ni wewe uliyenipa kichwa chini. Nisome wapi?"

"Soma pale ulipofundishwa."

"Hapana. Mtasema nimekariri. Nitasoma mahali huyu mwalimu aliponifungia mlango. Mbele ya hapo sijawahi kusikia, mwulizeni."

Mchungaji akanigeukia. Nikasema, "Ni kweli. Mbele ya hapo sijasoma nao hata neno." Hila yangu ya kukatiza hadithi, niliyoiokota kwenye karatasi ya ugoro, ndiyo iliyokuwa shahidi wake pekee.

Akafungua mwenyewe. Kwa mara ya kwanza kidole chake kiligusa karatasi. Akaanza, polepole, bila kukwama, kicheko kikazimika kama moto uliomwagiwa mchanga. Akasoma jinsi yule mkubwa alivyoshindwa kujizuia, akawatoa nje watumishi wote, akalia mpaka waliokuwa mbali wakasikia. Akasoma jinsi alivyowaambia ndugu zake yeye ni nani. Akasoma jinsi walivyofadhaika wasiweze kujibu, naye akawaambia wasogee karibu.

Hapo akaishia. Machozi yalikuwa yakimshuka, hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kitabu.

Mchungaji akasema kwa sauti ya chini, "Umesoma, Mama. Je, umeelewa?"

Hakumjibu yeye. Aliugeukia umati akasema kwa Kinyaturu, nami nawapa kwa Kiswahili: "Miaka miwili nimemngoja mwenye kosa aanze. Nimemsukuma kila siku kama punda, hakwenda. Kumbe mwenye kosa haoni mlango, aibu imemzibia. Humu ndani aliyeanza ni yule aliyeuzwa."

Hakumtaja mtu. Kila mtu alitazama chini. Wala msidhani watu walikumbatiana, Issuna si mahali pa mambo hayo. Kilichotokea ni kwamba baada ya muda Sinda aliinuka, akakata katikati ya umati, akasimama mbele ya kaka yake. Akanyoosha kiganja.

"Una ugoro?"

Ntandu alipekua mfuko kama mtu aliyesahau mifuko yake iko wapi. Kopo lilipotoka, alilifungua kwa haraka hata ugoro ukamwagika nusu. Habari ya ng'ombe na ndama waliimaliza wenyewe baadaye, mimi sikuwapo. Mchungaji aliondoka na baiskeli tupu.

Mzee Hamadi nilipomsimulia alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Chuoni kwetu kila mtoto ana ubao wake mkononi! Ninyi mnakila kitabu kama pilau ya harusi, sinia moja watu saba!" Alisema kweli. Tangu hapo, popote nilipofundisha, nilitafuta vipande vya mbao, nikaandika mstari mmoja mmoja kwa mkaa, kila mtu akashika wake. Na kitabu chenyewe nilikipitisha mikononi mwao, samli na unga na yote. Kitabu kisicho na doa la mkono, nilikuja kujua, ni kile kilichomo kihengeni.

Kwa hiyo nawajibu. Msianze mbali, anzeni na watu. Fungeni kitabu mahali panapouma, siyo mnaposinzia. Ulizeni ya paa na ya ng'ombe, msiogope kuonekana wajinga. Na mkishikwa na neno, msiwatafute wa kuwaelezea mwisho upesi. Fikeni kwa miguu yenu.

Nilizunguka miaka mingi kabla sijapita tena Issuna. Niliingia uani jioni, jua bado lipo, nikamkuta Mama Ntandu mahali pale pale, mgongo kwenye ukuta wa tembe, macho yamefifia kidogo, sauti ile ile. Biblia ilikuwa juu ya kigoda, kurasa zimekuwa rangi ya samli. Wajukuu walikuwa mbele yake, wa Ntandu na wa Sinda wamechanganyika, sikuweza kuwatofautisha. Nikaingiwa na hofu: bado anasoma juu chini, nimeharibu ukoo mzima.

Nikapita nyuma ya watoto niangalie wanachokiona. Kitabu kilikuwa kimegeuziwa kwao. Kwake kilikuwa kichwa chini, kama alivyokizoea, lakini kwa yeyote aliyekaa mbele yake kilisimama sawasawa kabisa.

Alinitambua kwa mwendo. "Mwalimu," akasema bila kuinua kidole kwenye mstari, "kaa huko mbele na wenzako. Nasi tunaacha pabaya."